Seli za saratani zilizokuzwa maabara na viambato vya mimea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanawalenga wanafunzi wa uzamili, mafundi sanifu wa maabara, na yeyote anayesoma habari za "mmea unaoua saratani" akataka kujua kipimo kilichotoa habari hizo kilifanywaje. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kurejelea jingine.

## Misingi

1. Seli hizi ni nini hasa, na zilitoka kwa nani?

Ni seli zilizotolewa kwenye uvimbe wa mgonjwa, zikawekwa kwenye chupa yenye maji ya virutubisho (maabara zote huyaita media), zikaendelea kugawanyika. Nyingi hufa baada ya muda mfupi. Chache zinazonusurika huzaa ukoo wa seli usiokoma, unaogandishwa na kusambazwa duniani kote.

Ukoo wa kwanza wa binadamu, HeLa, ulitoka kwenye saratani ya mlango wa kizazi ya Henrietta Lacks, Baltimore, mwaka 1951, na hakuombwa ridhaa. MCF-7 ilitoka kwenye maji yaliyojaa kifuani mwa mgonjwa wa saratani ya titi huko Michigan. Afrika nayo ina koo zake, hasa kutokana na limfoma ya Burkitt (saratani ya seli za kinga), ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala. Sampuli za uvimbe huo zilisafirishwa kutoka Kampala hadi London, seli zikakuzwa, na ndani yake kikaonekana kirusi cha Epstein-Barr mwaka 1964. Ukoo uitwao Raji ulitoka kwa mtoto wa Nigeria, na uitwao Daudi kwa kijana wa Kenya.

2. Ni kweli kuna dawa za saratani zilizotoka kwenye mimea?

Ni kweli, na si mbili tatu. Vinkristini na vinblastini zinatoka kwenye Catharanthus roseus, ua la asili ya Madagaska lililojaa bustani za pwani yetu. Paklitakseli ilitoka kwenye gome la Taxus brevifolia la Marekani: gome lilikusanywa 1962, muundo wa kiambato ukachapishwa 1971, namna kinavyofanya kazi ikajulikana 1979, na idhini ya kutibu saratani ya ovari ikatolewa 1992. Hesabu miaka hiyo kabla ya kumwahidi mtu chochote. Irinotekani na topotekani zimeundwa kutokana na kamptotesini ya mti wa Kichina, na etoposidi kutokana na podofilotoksini.

Afrika Mashariki ina kisa chake. Maytansini, iliyotangazwa 1972, ilipatikana kwenye mmea wa jenasi Maytenus uliokusanywa Ethiopia. Ndugu yake, Maytenus buchananii, ulivunwa kwa wingi Shimba Hills, Kwale, kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani (NCI). Kwenye chupa maytansini iliua seli kwa ukolezi mdogo mno. Kwa wagonjwa ilikuwa sumu kupita kiasi, majaribio yakaachwa. Miaka mingi baadaye wanakemia waliigeuza kidogo na kuifunga kwenye kingamwili inayoitafuta seli ya saratani ya titi yenye protini iitwayo HER2 kwa wingi, na dawa hiyo, trastuzumabu emtansini, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2013. Kwa maneno mengine, ukali wa maytansini ulijulikana mapema. Kilichokosekana ni njia ya kuuelekeza kwenye uvimbe peke yake.

3. Nimetumiwa ujumbe kwamba stafeli ni kali mara 10,000 kuliko kemotherapi. Umetoka wapi?

Namba hiyo ipo kwenye makala halisi ya 1996. Watafiti walitenga viambato kwenye mbegu za mstafeli, wakavipima kwa koo kadhaa za seli. Kimoja, dhidi ya ukoo mmoja wa saratani ya utumbo mpana, kilihitaji ukolezi mdogo mara 10,000 kuliko adriamisini (dawa ya kemotherapi, jina lake jingine doksorubisini). Hakupimwa mtu wala panya, na chai ya majani haikuhusika. Ujumbe wa simu huacha nje maneno haya yote na kubakiza namba.

Viambato hivyo huzuia mitokondria kutengeneza nishati, na seli za neva nazo zinaihitaji nishati hiyo. Kisiwani Guadeloupe, ulaji mwingi wa stafeli na chai ya majani yake umehusishwa na ugonjwa unaofanana na Parkinson usioitikia vizuri dawa zake za kawaida.

## Kutunza seli

4. Nahitaji nini ili kuanza?

Kabineti ya usalama wa kibayolojia ya daraja la II, inkubeta ya 37 °C yenye kaboni dayoksaidi 5%, hadubini ya kutazama kutoka chini, sentrifuji, friza ya −80 °C na tangi la naitrojeni kimiminika. Kabineti inayopuliza hewa kuelekea kifuani mwako hailindi mtu, hata kama inazilinda seli. Usiitumie kwa seli za binadamu.

Media za kawaida ni DMEM au RPMI-1640, zikiongezwa seramu ya kijusi cha ndama 10%, penisilini uniti 100 kwa ml na streptomaisini µg 100 kwa ml. Seramu ndiyo inayokula bajeti. Igawe kwenye mirija ya ml 50 mara tu inapoyeyuka, uigandishe; kuiyeyusha na kuigandisha tena na tena huiharibu.

Seli nunua kwenye benki zinazotambulika kama ATCC, ECACC au DSMZ. Kuomba chupa kwa rafiki wa maabara jirani ni rahisi, ila soma kwanza swali la 8.

5. Nigawe seli vipi zikijaa chupa?

Zigawe zikiwa zimefunika 70–80% ya sakafu ya chupa. Kwa chupa ya sm² 25: mwaga media, suuza mara mbili kwa bafa ya fosfeti isiyo na kalsiamu wala magnesiamu, weka ml 1 ya tripsini 0.25% yenye EDTA, rudisha kwenye inkubeta dakika 2 hadi 5. Seli zikishakuwa duara na kuachia, ongeza ml 4 za media yenye seramu, zungusha kwenye sentrifuji kwa 200 × g (mara 200 ya nguvu ya uvutano) dakika 5, kisha ziweke kwenye media mpya, sehemu moja kwa nne au moja kwa sita.

Seli zikigoma kuachia, mara nyingi ni kwa sababu hazikusuuzwa vizuri: mabaki ya seramu huizima tripsini. Dawa yake ni kusuuza upya na kuweka tripsini mpya, si kuziacha robo saa zikiungua wala kuzikwangua kwa nguvu.

Andika namba ya mgawanyo kila mara. Zikifika migawanyo 20 hadi 30 tangu ziyeyushwe, zitupe, uyeyushe kichupa kipya.

6. Media yangu imebadilika rangi. Kuna nini?

Rangi nyekundu-chungwa ni pH nzuri, karibu 7.4. Njano ni asidi: ama seli zimejaa, ama bakteria wameingia. Njano pamoja na ukungu-ukungu ndani ya siku moja ni bakteria, tupa. Pinki inayoelekea zambarau ni alkali, yaani kaboni dayoksaidi haitoshi: mtungi umeisha, mlango umeachwa wazi, au kifuniko kimekazwa mno kwenye chupa isiyo na kichujio.

Kwa maabara za nyanda za juu kuna sababu nyingine isiyoandikwa kwenye vitabu vingi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni takriban 82% ya ile ya Mombasa au Dar es Salaam. Asilimia 5 ya hewa hiyo ina kaboni dayoksaidi pungufu, kana kwamba umeweka 4.1% pwani, na media hupanda kwa karibu pH 0.1. Laza media usiku kucha ndani ya inkubeta, pima pH, na ikizidi 7.4 panda hadi karibu 6%.

7. Seli zinaonekana safi, ila zimekuwa goigoi na matokeo yanayumba. Tatizo liko wapi?

Shuku maikoplazima kwanza. Ni bakteria wadogo wasio na ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini haiwagusi, hawachafui rangi ya media, na hadubini ya kawaida haiwaoni. Hula virutubisho vya seli na hubadilisha jinsi zinavyoitikia dawa. Pia wanaweza kuyavuruga majibu ya kipimo cha MTT (swali la 14).

Pima kwa PCR, au kwa rangi ya DAPI inayoonyesha nukta ndogo nje ya kiini, kila mwezi na kila ukoo mpya unapoingia. Ukipata, tupa ukoo huo wote, safisha inkubeta, yeyusha kichupa cha zamani kilichopimwa. Kuna antibiotiki za kuwaondoa, lakini tunashauri zitumike pale tu ambapo ukoo haupatikani tena.

8. Nitajuaje kwamba MCF-7 yangu ni MCF-7 kweli?

Kwa kipimo cha alama za DNA kinachoitwa STR, ukilinganisha na hifadhidata. Ulingano wa 80% au zaidi hukubalika. Usidharau hatua hii. KB na HEp-2, ambazo bado zinatajwa kwenye tafiti za mimea kama saratani za kinywa na koromeo, kwa kweli ni HeLa. MDA-MB-435 ilitumika miaka mingi kama saratani ya titi, kumbe ni ya ngozi, melanoma. Kabla ya kununua, tafuta jina la ukoo kwenye Cellosaurus, hifadhidata ya koo za seli.

9. Umeme ukikatika?

Inkubeta isifunguliwe, saa chache seli huvumilia zikiwa zimefungiwa. Friza ya −80 °C iliyojaa hushika baridi kuliko iliyo tupu, kwa hiyo jaza nafasi kwa chupa za maji. Akiba halisi ikae kwenye naitrojeni, isiyohitaji umeme ila inahitaji mtu wa kupima kina chake kila wiki. Gandisha vichupa kwenye media yenye DMSO 10% (kiyeyushi kinachokinga seli zisipasuliwe na barafu), vikishuka nyuzi 1 kwa dakika hadi −80 °C, kisha vihamishe. Gawa akiba kwenye majengo mawili ukiweza.

## Mmea na dondoo

10. Nikusanye mmea vipi?

Sampuli iliyokaushwa, yenye maua au matunda, ipelekwe hebaria ipewe namba, kwa mfano Hebaria ya Afrika Mashariki Nairobi au ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jina la kienyeji peke yake halitoshi. Jina moja hubeba mimea tofauti kutoka wilaya hadi wilaya. Andika sehemu ya mmea, mahali na mwezi. Vibali vya utafiti hutoka COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya, na kama sampuli itavuka mpaka kuna masharti ya Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kugawana manufaa ya rasilimali za kijenetiki, iliyoanza kutumika 2014. Mganga aliyekuonyesha mmea ana haki ndani ya makubaliano hayo. Yaandikwe kabla ya kuvuna.

11. Niandae dondoo kwa kiyeyushi gani?

Kausha kivulini, saga, kisha loweka kwa mfuatano: heksani, dikloromethani, ethili asetati, methanoli, maji. Gramu 100 za unga kwa ml 500 hadi 1,000, saa 24 hadi 72, ukitikisa. Chuja, kausha chini ya 40 °C kwa mashine ya kuvukizia inayozunguka, na dondoo la maji likaushe kwa kugandisha. Pima uzito, hifadhi −20 °C gizani.

Dondoo lisilokauka sawasawa huua seli kwa kiyeyushi chake. Likiwa bado linanuka, rudisha.

12. DMSO kiasi gani kinaruhusiwa?

Kisizidi 0.5% ndani ya kisima (kitundu kimoja cha sahani ya kupimia), na 0.1% ni bora. Ukitaka µg 100 kwa ml, tengeneza akiba ya mg 20 kwa ml ndani ya DMSO safi. Ukizimua mara 200 unapata 0.5% barabara. Mfululizo wa kuzimua ufanyike kwa media yenye DMSO ya kiwango kilekile, ili visima vyote vilingane.

Usichuje akiba ya DMSO kwa kichujio cha selulosi asetati, kwani kitayeyuka kikachanganyika na dondoo. Kama ni lazima, tumia cha PTFE au nailoni. Na tazama kisima chini ya hadubini baada ya kuweka dondoo: likijitenga kuwa chembechembe, ukolezi ulioandika si ule seli zinaoupata.

## Kipimo chenyewe

13. Nipande seli ngapi kwa kisima?

Kwa sahani ya visima 96 na saa 72 za dawa, HeLa 3,000 hadi 5,000. MCF-7, inayokua polepole, 8,000 hadi 10,000. Lengo ni kwamba visima visivyo na dawa viwe bado vinakua siku ya mwisho. Vikijaa mapema, dawa itaonekana dhaifu.

Hesabu: changanya seli nusu kwa nusu na tripani buluu 0.4%, rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa tu. Tuseme miraba minne ya kioo cha kuhesabia ina seli hai 212. Wastani 53, mara 2, mara 10,000 ni 1,060,000 kwa ml. Kwa visima 60 vya µl 100, seli 5,000 kila kimoja, unahitaji ml 6 za 50,000 kwa ml; tengeneza 7 kwa ajili ya kinachopotea. Hiyo ni ml 0.33 ya seli na 6.67 ya media. Seli hai zikiwa chini ya 90%, ahirisha. Visima 36 vya pembezoni vijaze bafa, visitumike kupimia: hukauka haraka na hupotosha.

14. MTT au SRB?

MTT, kemikali ya njano ambayo seli hai huigeuza zambarau, ni ya haraka na hupima kazi ya kimetaboliki. Baada ya saa za dawa, weka µl 20 za MTT ya mg 5 kwa ml juu ya µl 200, ngoja saa 3 hadi 4, ondoa media taratibu, yeyusha fuwele za zambarau kwa µl 100 hadi 150 za DMSO, soma 570 nm. Udhaifu wake mkubwa kwa mimea ni kwamba flavonoidi na vizuia-oksidisheni vingine huigeuza MTT zambarau bila seli. Seli zilizokufa zinaonekana hai. Kwa upande mwingine, kiambato kinachobana mitokondria tu (tazama swali la 3) hushusha rangi hata kabla seli hazijafa.

SRB, rangi inayoshika protini, hupima protini iliyobaki na haijali kimetaboliki. Shikiza seli kwenye sakafu ya kisima kwa asidi ya trikloroasetiki, ukolezi wa mwisho 10%, 4 °C saa 1; osha kwa maji, kausha, weka SRB 0.4% ndani ya asidi ya asetiki 1% dakika 30. Osha kwa asidi ya asetiki 1% mara nne. Yeyusha kwa Tris 10 mM isiyorekebishwa pH. Soma karibu 510 nm. Sahani ikishakauka inaweza kungoja hata mashine ya kusomea ikiwa mbovu. Kwa madondoo ghafi ya mimea tunapendelea SRB. Haifai sana kwa seli zinazoelea kama Raji na Daudi, maana huoshwa zikaondoka. Hizo zipime kwa resazurini, au uzihesabu kwa tripani buluu.

15. Visima gani vya kulinganishia ni vya lazima?

Vinne: seli na media, seli na DMSO ya kiwango chako, seli na dawa inayojulikana, kwa kawaida doksorubisini, na dondoo bila seli kwa kila ukolezi. Hicho cha nne ndicho wengi huruka, na ndicho kinachofichua tatizo la swali la 14. Kila ukolezi visima vitatu, na jaribio zima lirudiwe kwa siku tatu tofauti na seli za mgawanyo tofauti. Visima vitatu vya sahani moja si majaribio matatu.

16. IC50 yangu ni nzuri?

IC50 ni ukolezi unaopunguza usomaji wa kipimo hadi nusu ya ule wa visima visivyo na dawa. Ikokotoe kwa mkunjo wa vigezo vinne juu ya logi ya ukolezi, ukiwa na pointi sita au zaidi, baadhi zikiwa juu na baadhi chini ya nusu. Kizingiti kilichozoeleka, kilichotokana na NCI, ni chini ya µg 30 kwa ml kwa dondoo ghafi na chini ya µg 4 kwa ml kwa kiambato safi. Dondoo lenye IC50 ya µg 250 kwa ml andika kuwa halina nguvu, hata kama mkunjo wake unapendeza.

Kiambato safi kiandikwe kwa mikromola. Chenye uzito wa molekuli 450 na IC50 ya µg 15 kwa ml ni µM 33, kiasi ambacho viambato vingi vya mimea havikikaribii katika damu vikinywewa. Fikiria pia hivi: µg 100 kwa ml katika lita 42 za maji ya mwili ni gramu 4.2 za dondoo zilizofyonzwa zote, bila ini kugusa hata chembe.

17. Inaua seli za saratani. Je, inabagua?

Gawanya IC50 ya seli za kawaida kwa IC50 ya seli za saratani. Wengi hukubali kuanzia 3. Lakini angalia ulilinganisha na nini: Vero ni figo ya tumbili isiyokoma kugawanyika, kwa hiyo kuiita "seli ya kawaida" ni kujipendelea. Fibroblasti (seli zinazotengeneza nyuzi za tishu) za mapafu kama MRC-5 ni afadhali. Bila kipimo hiki matokeo hayasemi kitu. Jiki nayo huua HeLa vizuri sana.

## Matatizo yasiyo ya kawaida

18. Dondoo langu la maji linaua kila ukoo kwa kiwango kilekile.

Washukiwa wawili. Saponini hutoboa utando wa seli yoyote: changanya dondoo na chembe nyekundu za damu, na zikipasuka kwenye ukolezi uleule, umepata jibu. Tanini hunasa protini za media na za seli. Pitisha dondoo kwenye poliamidi, inayonasa tanini, kisha upime tena.

19. Polifenoli za chai zinaua kwenye DMEM tu, na siku nyingine haziui.

Katekini, yaani polifenoli hizo za chai, huoksidika zenyewe ndani ya media na kuzalisha peroksaidi ya hidrojeni, ambayo ndiyo inayoua. Rudia ukiwa umeongeza katalasi, kimeng'enya kinachoivunja peroksaidi hiyo. Athari ikitoweka, ilikuwa ya chupa na si ya kiambato. Kurkumini ya manjano ina balaa lake: huvunjika upesi kwenye pH 7.4 bila seramu, na ina rangi yake yenyewe inayoingilia usomaji.

20. Dondoo ghafi lilikuwa kali, lakini sehemu nilizozitenganisha hazifanyi kitu.

Huenda kiambato kiliharibika kwa mwanga au joto, kilinasa kwenye silika, au viambato viwili vilikuwa vikisaidiana. Changanya sehemu zote tena kwa uwiano wake wa awali na upime. Nguvu ikirudi, tafuta jozi. Isiporudi, kuna kilichopotea njiani, na uzito wa jumla wa sehemu zako utakuonyesha kiasi gani.

Kabla ya kutumia miezi kwenye kromatografia, endesha sampuli kwenye HPLC (mashine ya kutenganisha viambato) yenye kipima uzito wa molekuli uangalie kama si kitu kinachojulikana zamani. Asidi ya ursoliki na asidi ya oleanoliki zimegunduliwa upya na wanafunzi wengi.

21. Nina kiambato safi, µM 2, kinabagua. Kisha?

Thibitisha namna seli zinavyokufa: aneksini V pamoja na propidiamu ayodaidi, kaspesi 3, hatua za mzunguko wa seli. Pima koo nyingine, hasa zilizo sugu. Kisha umumunyifu, uthabiti mbele ya vimeng'enya vya ini, na baadaye tu panya, kwa idhini ya kamati ya maadili. Vingi huishia kwenye umumunyifu na ini, hata kabla ya panya.

22. Mgonjwa amesoma matokeo yetu, anauliza kama anywe mmea huo.

Mwambie kwamba mmea haujapimwa kwa mtu, kwa hiyo hakuna dozi ya kumpa. Na kama yuko kwenye matibabu, kuna hatari ya pili: mimea inaweza kubadilisha jinsi ini linavyovunja dawa. Hypericum perforatum, mmea unaouzwa kwa ajili ya huzuni, umeonekana kushusha kiwango cha kiini hai cha irinotekani kwenye damu ya wagonjwa. Ikiwa ameshaanza kunywa, amtajie daktari wake jina la mmea, sehemu inayotumika, kiasi na tangu lini, kabla ya dozi inayofuata.